Mwalimu wa Kinanda Bubu

Siku ile mjinga alikuwa Thuranira mwenyewe, na ni heri tuliseme mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine. Wajinga wengine walikuwapo, tena wa vyeo, wenye nishani kifuani na bastola kiunoni. Lakini wao walikuwa wajinga wa kuajiriwa, wanalipwa kila mwisho wa mwezi. Thuranira alikuwa mjinga wa kujitolea.

Mwaka ulikuwa 1955, Hali ya Hatari imepamba moto. Serikali ilikuwa imewaswaga watu wa Kanyakine kutoka mashambani mwao, ikawabana katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote, na handaki lenyewe ikawapa heshima ya kulichimba. Kila alfajiri gadi, mlinzi wa serikali, alihesabu majembe. Majembe arobaini, watu arobaini. Ukitaka kwenda popote, sharti umpate mtu wa kushika jembe lako, na mama wa mtu huyo alikuwa bado hajaolewa.

Thuranira hakuwa mtu wa majembe. Alikuwa ametimuliwa Nairobi katika ule msako mkubwa wa mwaka uliotangulia, akarudishwa Meru kwa lori la waya, amevaa suti. Huko Nairobi alikuwa mtu wa maana: aliwahi kumwuzia mpishi mmoja kibali cha kuvua samaki katika tangi la maji la stesheni, na mpishi akamshukuru. Sasa alikaa Meru mjini kwa kibali cha wiki wiki, akiwaandikia barua wasiojua kusoma. Aliandika alichotaka na kusoma alichopenda. Hata hivyo alikonda. "Watu wa hapa," alizoea kusema, "ni maskini mno hata hawaibiki."

Alitaka kitu kimoja tu duniani, pasi ya kurudi Nairobi.

Basi asubuhi moja akakuta tangazo kwenye mlango wa ofisi ya Bwana Shauri, Mzungu mtawala wa wilaya. Memsahib, mke wa Bwana Shauri, alikuwa amesoma kitabuni habari za mtoto wa Ulaya aliyewapigia wafalme kinanda akiwa na miaka sita. Akawaza kwamba huenda Meru nako yumo mmoja, kati ya handaki na handaki, hajaonekana kwa sababu ya vumbi. Tangazo lilisema hivi: mtoto Mwafrika mwenye kipaji cha muziki wa Kizungu atapiga mbele ya mgeni mkubwa kutoka Nairobi. Akipendeza atapewa pasi, yeye na mlezi mmoja, akafundishwe huko na mwalimu wa kweli. Jina la mlezi litaandikwa siku hiyohiyo.

Thuranira alisoma mara mbili. Mtoto hakumwona, kipaji hakukiona. Aliona mlezi mmoja.

Siku hiyohiyo akaenda kwa Hirsi, Msomali mwenye lori, ambaye alikuwa amenunua vyombo vya setla mmoja, mkulima Mzungu aliyekimbilia kwao. Kati ya vyombo hivyo kulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri moja.

"Hirsi, ndugu yangu, tubadilishane," akasema, akitoa saa ya mfukoni iliyong'aa kama jino la dhahabu. "Hii imetoka Uswisi."

Hirsi akaiweka sikioni. "Mbona haisemi?"

"Saa ya bei haipigi kelele. Kelele ni za saa za makarani."

Hirsi, ambaye alikuwa na karani na hakumpenda, akaichukua.

Ikabaki kutafuta mtoto. Kanyakine kulikuwa na kanisa la misheni lenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na mfagizi wake alikuwa mama mmoja aitwaye Rwamba. Siku ya Jumamosi alishika ufagio, siku nyingine jembe. Binti yake Igoki alikuwa na miaka tisa. Thuranira alimchagua kwa sababu vidole vyake vilikuwa virefu na kinywa chake kimefungwa.

"Mama Igoki, kazi ni ndogo," akaeleza. "Gramafoni tunaificha ndani ya tumbo la kinanda. Mtoto anakanyaga, kamba inavutwa, santuri inazunguka. Yeye anapapasa tu huku juu."

"Lakini huyu anakipiga," Rwamba akasema.

"Anakipiga nini?"

"Kinanda. Tangu ana miaka mitano. Mimi nikifagia, yeye anapiga alichopiga padre Jumapili. Akisikia mara moja, basi. Padre akiwa kwake anadhani ni katekista."

Thuranira alicheka hadi akaketi kwenye benchi la waumini. "Mama, mimi nimebeba ngoma ya bendi ya jeshi mpaka Burma. Muziki wa Kizungu naujua. Mtu anazaliwa nao kama pua. Uliona wapi mtoto aliyelelewa kwa ndizi na wimbi akapiga mambo hayo?"

"Nipige usikie, mjomba?" Igoki akauliza.

"Usiguse. Utaharibu."

Na ili asiharibu, akaufungua ule mkanda wa ngozi unaounganisha kanyagio na viriba vya upepo. Kinanda kikawa bubu.

Msimlaumu sana. Tapeli naye ana maradhi yake ya kazi. Mtu akishauza shaba kwa jina la dhahabu miaka kumi, siku akiokota dhahabu ataitupa, akidhani kuna mwenzake anayetaka kumtapeli.

"Na mlezi ni nani?" Rwamba akauliza.

"Ni mimi. Wewe una jembe. Ukiondoka hesabu inapungua, na hesabu ikipungua kijiji kizima kinafungiwa ndani. Unataka watu wafe njaa kwa sababu yako?"

Rwamba akatazama mikono ya binti yake. Mwaka mmoja au miwili tu na gadi angeanza kuihesabu pamoja na majembe. "Utamfikisha?"

"Kama yai."

Wakafanya mazoezi wiki nzima. Upande mmoja wa santuri ulikuwa na kinanda cha kanisa kubwa la Ulaya: sauti moja inatangulia, ya pili inaifuata ikisema maneno yaleyale, kisha zinafukuzana ngazi kwa ngazi kama mbuzi wawili kwenye mtelemko. Katikati kulikuwa na mkwaruzo, na hapo santuri iliruka, mbuzi mmoja akapotea kabisa. Upande wa pili ulikuwa wimbo wa Malkia wa Uingereza, huo Thuranira hakuwa na haja nao. Igoki alikaa akibonyeza funguo zisizolia, hakosi hata moja. Mwalimu wake hakutazama. Alikuwa akifanya mazoezi ya kuinama mbele ya wageni.

Siku yenyewe ikafika, kinanda kikapakiwa kwenye lori la Hirsi. Gadi alimruhusu Rwamba aende na kurudi, kwa kuwa kinanda ni mali ya kanisa na yeye ndiye mfagizi wake. Walipofika Meru, Thuranira akaiweka santuri mahali pake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kupaka nywele mafuta. Ndiyo hasara ya kuwa na nywele.

Hirsi akamsogelea Rwamba. "Dada, huyu mwalimu wenu ameniomba nafasi mbili hadi Thika, na nafasi moja kutoka Thika hadi Nairobi. Mimi sikusoma, lakini kuhesabu watu najua."

Rwamba akamgeukia. "Mtoto atabaki Thika na nani?"

"Hilo nilimwuliza. Akasema Thika kuna watu wema wengi."

"Na wewe kwa nini unaniambia?"

Hirsi akatoa saa ya Uswisi, akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani hakukuwa na skrubu hata moja. "Kuna mdudu tu," akasema, "naye amekufa."

Rwamba akamvuta binti yake nyuma ya kinanda. Wakanong'ona kwa Kimeru, muda wa mtu kumenya ndizi mbili, wakatoka nyuso zao zimetulia kama za watu waliokuwa wakifuta vumbi.

Ukumbi ulijaa. Mbele aliketi mgeni kutoka Nairobi, kifua chake kikimeremeta kama duka la vyombo. Kando yake alikuwa Bwana Shauri, kisha Memsahib mwenye glavu nyeupe, kisha machifu waliokuja kupenda muziki kwa amri. Mlangoni walisimama gadi wanne na bunduki. Mezani palikuwa na pasi na kalamu.

"Wewe iko nafundisha yeye?" Memsahib akauliza kwa Kiswahili chake, ambacho alikijenga mwenyewe bila msaada wa mtu.

"Mimi, Memsahib," Thuranira akainama kama alivyojizoeza. "Kila kidole nimekifundisha peke yake."

"Na mama yake?"

"Masikini ana jembe, Memsahib. Hawezi kuacha kazi ya serikali. Mzigo nitajitwika mimi."

Memsahib akaguswa. Kalamu ikachovywa wino.

Igoki akapanda kwenye kiti, akaweka vidole juu ya funguo, akakanyaga. Na kutoka tumboni mwa kinanda ukatoka, mzito na mtukufu, wimbo wa Malkia.

Ukumbi mzima ukasimama. Mgeni akapiga saluti. Machifu wakakauka kama vigingi. Kwa wasioishi siku hizo, wajue hivi: wimbo ule ukilia, mtu haendi, hageuki, hapigi chafya. Mwezi uliotangulia mzee mmoja wa Embu alihojiwa siku tatu kwa sababu alijikuna.

Thuranira akasimama naye, jasho likachungulia chini ya mafuta ya nywele. Santuri imegeuzwa. Akajipa moyo: wimbo ni wimbo, mradi mtoto apapase.

Igoki akaondoa vidole. Taratibu, mbele ya watu wote, akaviweka mapajani, mkono juu ya mkono, kama mtoto mwenye adabu anayengoja chakula.

Kinanda kikaendelea peke yake.

Hapo dola lote likapatikana. Bwana Shauri aliona, mgeni aliona, gadi waliona, na hakuna aliyeweza kuinua hata kisigino. Mwenye nishani alibaki akilipigia saluti sanduku la mbao. Macho ndiyo yaliyotembea: yalitoka kwa mtoto yakaenda kwa mwalimu, yakarudi kwa sanduku, yakaenda tena kwa mwalimu na kubaki hapo. Thuranira alipima mlango kwa macho. Hatua kumi na mbili. Lakini anayetembea katika wimbo wa Malkia ni adui wa Malkia, na gadi wana risasi. Basi akasimama wima, kifua mbele, raia mwaminifu kuliko wote ukumbini, akingoja ubeti wa pili. Kisha wa tatu. Setla yule, Mungu amweke huko aliko, alikuwa amenunua santuri yenye beti zote.

Mwishowe ikafika kra, kra, kra.

Kabla mtu hajafungua kinywa, Igoki alikuwa ameitoa santuri na kuiweka juu ya kinanda ili ionekane. Akainama, akaufunga mkanda wa ngozi mahali pake. Akakanyaga. Kinanda kikavuta pumzi kama mgonjwa aliyefunguliwa dirisha.

Akapiga ule upande mwingine. Sauti ya kwanza ikatangulia, ya pili ikaifuata, zikafukuzana, na miguu yake haikufika vizuri chini, ikabidi ateleze kila mara ukingoni mwa kiti. Padre wa Kanyakine, aliyekuja kulinda kinanda chake, akamtazama katekista wake kwa muda mrefu. Wakafika kwenye mkwaruzo, pale santuri iliporuka wiki nzima. Mtoto hakuruka. Hakuwahi kukisikia kilichokuwa pale, hata mara moja. Basi akajenga daraja la kwake, akampitisha mbuzi aliyepotea, akamfikisha ng'ambo kwa wenzake. Memsahib, aliyeujua muziki ule tangu utotoni, akaweka glavu mdomoni. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba daraja lile halikuwa la mtunzi, na kwamba halikumvunjia mtunzi heshima.

Igoki alipomaliza, aliuliza, "Niendelee?"

Kesi haikuchukua muda. "Bwana," Thuranira akaanza, "ile gramafoni ilikuwa njia ya kufundishia."

"Kyamya," Bwana Shauri akasema, maana yake nyamaza. "Mtoto nakwenda. Andika mama yake."

"Bwana, kwa heshima," Thuranira akasema, na hapa ndipo ulimi uliomlisha miaka yote ulipomla mwenyewe. "Mama hawezi. Ana jembe. Hesabu ya Kanyakine ni arobaini. Akiondoka yeye, inapungua mmoja, na sheria ni sheria."

Bwana Shauri akaitazama ile suti juu mpaka chini. Alikuwa mtu asiyejua muziki, lakini kutoa na kujumlisha alijua. "Kweli," akasema. "Inapungua moja."

Akawaita gadi.

Asubuhi ya tatu lori la Hirsi lilipita Kanyakine likielekea Nairobi. Mbele aliketi Igoki katikati, na Rwamba dirishani, pasi imefungwa ndani ya leso, leso imefungwa kiunoni. Hirsi akapunguza mwendo kando ya handaki. Chini, ndani ya udongo mwekundu, suti ikiwa imekunjwa hadi magotini, alisimama mtu mwenye jembe la Rwamba. Mpini wake ulikuwa mfupi kwake, ulimlazimu kuinama sana, lakini kuinama alikuwa amejizoeza.

Hirsi akamtupia saa yake ya Uswisi. "Hapa itakufaa, warya. Haipigi kelele."

Thuranira hakuiokota. Alimtazama Rwamba kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa, maana hakuna anayeumia kwa dhuluma kama tapeli.

"Huna shukrani, mama Igoki," akasema. "Nani alilisoma lile tangazo? Nani alimpeleka mtoto mbele ya wakubwa? Nani alikitoa kinanda kanisani? Niambie ukweli wa Mungu: bila mimi, leo hii ungekuwa wapi?"

Rwamba akatoa kichwa dirishani, akautazama udongo, jembe, na mikono iliyolishika.

"Hapo uliposimama."