Nilipoenda Kuangalia Kona Yangu

Jamani, leo nimeaibishwa na kona ya barabara.

Nyinyi tuliosoma pamoja mnajua nilikuja Kitale mwezi wa tatu, kazi ya kupima barabara, mwanamke peke yangu kwenye kambi ya kontrakta. Wenzangu wote ni wa huku. Jumamosi mchana kila mtu anaenda kwao, mimi nabaki na redio. Wiki iliyopita tulimaliza kuweka lami kwenye kona moja kati ya Kiminini na Kamukuywa. Vigingi vyake vyote nilivipiga mimi. Ni kona yangu ya kwanza, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Basi leo Jumapili nikajionyesha mwenyewe. (Hata rinda nilivaa.)

Nikasimama ukingoni. Mnakumbuka tulivyofundishwa: gari likiingia kona kwa kasi linataka kuendelea moja kwa moja, liishie shambani. Ukiinua upande wa nje wa barabara, lami yenyewe inalisukuma lirudi ndani. Darasani ilikuwa hesabu tu. Leo lori la mahindi lilipita mbio bila kuyumba, dereva hakugusa hata breki, na mimi nikatabasamu kama mama aliyeona mtoto wake akitembea. Nikangoja lingine. Nikangoja saa mbili nzima.

Wakatokea akina mama wanne wanaotoka kanisani. Mkubwa wao alikuwa Mama Nasimiyu (jina nimelijua baadaye).

"Mulembe," akanisalimia.

Nikajibu mulembe. Ndilo neno pekee la Kibukusu ninalolijua.

"Tukienda kanisani ulikuwa hapa. Tunarudi, bado uko. Unangojea gari gani?"

"Lolote tu, mama. Lakini nataka lile la kasi sana."

Wakatazamana. Mmoja akasogea taratibu, akasimama kati yangu na lami.

"Mwanangu," Mama Nasimiyu akasema, "ni mwanaume amekuacha?"

"Hapana. Sina mwanaume."

"Sasa huku uko na nani?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nikasema, "Sina mtu."

Ndipo nikaelewa wanachofikiria. Nikaanza kujieleza haraka haraka. "Si hivyo, mama. Hii kona nimeiinua mimi upande huu, ili gari likija mbio lisitoroke nje."

"Ati amelitengenezea njia kabisa," mwingine akasema kwa huzuni, akanishika mkono wa kushoto. Mama Nasimiyu akashika wa kulia. Wawili wakaniwekea viganja kichwani, maombi yakaanza.

Sasa niwaambie ukweli. Tangu mwezi wa tatu hakuna mtu aliyenishika, labda kusalimiana tu. Machozi yakatoka bila kuitwa. Nikalia na kamasi juu. Wao wakaona pepo anatoka, wakapandisha sauti.

Katikati ya hayo pikapu ikasimama. Ni injinia wetu, mkubwa wangu wa kazi, na mke wake na watoto.

"Kuna shida gani hapa?"

"Tumemuwahi," Mama Nasimiyu akamjibu.

Huyu injinia, tangu nije, hajawahi kuniuliza kitu zaidi ya "umemaliza?" Leo akaniangalia muda mrefu.

"Nilikuwa naangalia kona," nikamwambia, huku najifuta pua na mkono wa rinda. "Imekaa vizuri."

"Ndiyo, ndiyo," akasema polepole, vile mtu huongea na mgonjwa. "Imekaa vizuri sana. Kesho usije kazini. Pumzika."

Kwa hiyo kesho kambi nzima itakuwa na habari yangu. Mama Nasimiyu alikataa kuniacha. Amenipeleka kwake, amenilisha ugali na kuku, kisha akanifikisha steji na kumwambia kondakta asinishushe popote kabla ya Kitale. Jumatano jioni wananingoja kwenye kikundi chao cha maombi, nitoe ushuhuda wa jinsi nilivyookolewa. Nimesema nitakuja.

Tafadhali msicheke. Na anayejua ushuhuda huanzaje, aniandikie. Asiyejua pia, aniandikie tu.