Leso Moja, Nyumba Tano

Leo nimeaibika, na mkasi niliushika mwenyewe. Nimekata leso ya mamangu vipande vitano. Haya, chekeni sasa hivi, maana huko mbele hakuchekeshi.

Iko hivi. Kikundi chetu cha sanaa hapa Mjambere kimeshona pazia kubwa la ukumbi wa kanisa. Wazo ni la wenyeji wenyewe: kila nyumba itoe kipande cha leso ya zamani na isimulie habari yake. Dada Sidi, anayetuongoza, alinipa mimi nyumba tano.

"Karisa, usiende mbio. Keti na watu, wasikilize."

"Naam, dada."

Mwezi mzima nikacheza mpira.

Jana siku ya mwisho ikafika, nami sina hata uzi. Nikafungua sanduku la mama. Chini kabisa, ndani ya nailoni, kulikuwa na leso imepauka, imetiwa karafuu. (Mwenye akili angejiuliza ni tambara gani hilo linalotiwa karafuu. Mimi nilijiuliza mkasi uko wapi.) Chwa, chwa, chwa! Nyumba tano zimepatikana! Habari zake nikazitunga nikiwa chooni. Ukumbini nikavishona vipande mbalimbali, kimoja huku, kimoja kule, nisishtukiwe.

Leo watu wamejaa mpaka madirishani. Mama yuko mstari wa mbele, amevaa gauni la Jumapili siku ya Jumamosi, kwa ajili yangu. Pazia likapandishwa. Makofi! Nikapewa kipaza sauti.

"Kipande hiki kimetoka kwa Mzee Kahindi. Ndiyo leso aliyomtunza mkewe siku ya harusi yao."

Sauti ikatoka nyuma: "Mke yupi? Mimi sijaoa mpaka leo!"

(Mzee huyu haendi popote mwaka mzima. Leo kaja!)

Watu wakacheka, nikacheka nao, nikakimbilia kipande cha pili. "Na hiki ni cha Mama Dama..."

Mama Dama anauza leso sokoni. Mtaa wote huu, na mimi nikamchagua huyo! Akainuka polepole, akavaa miwani, akaja mpaka penye pazia.

"Shikamoo, Mama Dama," nikasema kwenye kipaza sauti. (Msiniulize kwa nini.)

"Marahaba. Hebu nyamaza kwanza."

Akashika kipande kimoja. Akashika cha pili. Akazunguka na pazia lote mpaka cha tano.

"Korosho zilizochorwa ni hizi hizi. Pindo hili hili. Jamani, hii ni leso moja! Nyumba tano mnajifunga leso moja? Mnapeana zamu?"

Ukumbi ukapasuka. Mchungaji akaegemea ukuta. Watoto wakagaagaa sakafuni.

Dada Sidi hakucheka. "Karisa, ulienda kwa nani?"

"Nilienda..." Kipaza sauti kingali mdomoni. "Nilienda sandukuni."

Hapo ndipo mama aliposimama. Akaja, akakishika kipande cha Mzee Kahindi, akakinusa. Karafuu. Kicheko kikakatika kama stima.

Hakunipiga. (Heri angenipiga.) Aliomba wembe, akaanza kufumua nyuzi, moja moja, vipande vyote vitano. Mimi nimesimama pale na kipaza sauti changu, na kila uzi ukikatika unasikika ukumbi mzima: tak. Tak. Tak. Dada Sidi alikuwa anayaangalia matundu matano kwenye pazia la watu.

Tumerudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Amevitandika vipande kitandani, amejaribu kuvikutanisha. Havikutani, mkasi wangu ulikwenda upogo.

"Mama, nitaishona. Haki ya Mungu nitaishona."

Kisha amesema hivi, neno kwa neno:

"Leso hii ilikuwa jozi. Mwenziwe tulimzika nayo nyanyako. Hii niliiweka ya kunifunika mimi. Haya, fundi, chagua: utanizika na kipande kipi?"