Difu Inalia, na Begi Ni Alhamisi

Jumatatu, 2 Februari

Kwa daftari langu jipya. Salamu sana. Hujambo? Mie sijambo, alhamdulillahi. Baba Shukri hajambo, ila goti. Shukri mwanangu hajambo, bwana harusi mtarajiwa, siku hizi hali wali mpaka alazimishwe. Sidi binti yangu hajambo, ndiye aliyekununua akanambia, mama, wasiwasi wako uandike, usinipigie simu kazini. Paka hajambo. Kisomoni tulifunzwa kuandika barua tu, na barua isiyo na salamu ni ufidhuli. Kwa hivyo usishangae.

Na pikapu je? Pikapu haiko salama. Pikapu inalia!

Inalia kwa nyuma. Uuuuu, kama mtu aliyefiwa. Nimetoka nayo Makadara na masufuria ya pilau, kazi yangu ya siku zote, na kila nikikanyaga mafuta kilio kinazidi. Firoza jirani yangu, mwenye kigari cheupe cha kubebea biriani zake, alikuwa barazani kwake. Akaniuliza, mbele ya watu, kama leo nimepakia ng'ombe. Ng'ombe! Wakacheka hata wasionijua.

Na Alhamisi ya wiki ijayo twapeleka begi la Nabiha, mchumba wa Shukri, kwao Tudor. Nguo zake, viatu, manukato, udi, dhahabu, vyote vya kutoka kwetu. Mama yake nimeshamwambia kwa kinywa changu hiki: begi litakuja kwa gari letu wenyewe. Si la kukodi, si la kuazima. Wale watu watuona sisi wa masufuria. Nimesikia, wasidhani sikusikia. Begi likifika juu ya tuk-tuk, Nabiha ataambiwa kaolewa jikoni, na mwanangu atalisikia neno hilo mpaka apate wajukuu.

Jumanne, 3 Februari

Nimefanya uchunguzi. Nimemlaza Baba Shukri nyuma ya pikapu, sikio sakafuni, nikaendesha hadi Tudor na kurudi. Taarifa yake: nikikanyaga inavuma, nikiachia inanyamaza kidogo, nikikata kona hakuna tofauti, na mgongo wake haumfai tena mtu. Nimemwambia ahsante.

Tukaenda kwa Ngumbao, fundi mwenye gereji nyuma ya Mwembe Tayari. Maswali! Inavuma lini? Ukiwa mwendo gani? Mtetemo wausikia kwenye usukani au kwenye kiti? Nikamuuliza kama nimekuja kutengenezewa gari au kliniki ya wajawazito. Akaingia chini, akatoka na kidole cheusi. Akasema ni difu, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Linavuja mbele, linavuja na magurudumuni, oili iliyobaki haitoshi, na meno yake yasagana makavu. Niliache gari alifungue.

Nikamuuliza atamaliza lini. Akasema mama, vipuri vyatafutwa, labda wiki mbili.

Na begi? Akasema begi lipande tuk-tuk.

Nimemtazama mtu yule mpaka akainamisha uso.

Akauliza pia kama kuna mtu amegusa kipumulio, kijitundu cha kutolea hewa kilicho juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma. Nimesema hakuna aliyegusa. Na ni kweli tupu. Nilikiziba tu, wakati wa mvua, kwa ubani wa kutafuna, maji yasiingie. Kuziba si kugusa.

Nimeondoka na gari langu.

Alhamisi, 5 Februari

Salamu, daftari. Wote hawajambo, goti bado.

Nilitandika maboksi chini ya pikapu nijue yavuja wapi. Asubuhi naangalia: doa kubwa katikati, doa gurudumu la kushoto, doa gurudumu la kulia. Boksi lote madoa, kama sufuria iliyomwagika. Firoza akapita na mwavuli wake. Akasema oili yangu yatelemka mpaka mlangoni kwake na ameshaikanyaga kwa viatu.

Basi nikapata akili. Kama watu wataona oili, waione kwa mwenye gari lingine. Nikaisogeza pikapu, nikaiegesha sawasawa na kigari chake, nikayasukuma maboksi yenye madoa upande wake, halafu nikaiondoa pikapu. Watu wa msikitini wakitoka watasema, masikini, hata kigari kipya chavuja.

Hawakusema. Firoza alikuwa dirishani muda wote, anakunywa chai. Akanambia kwa upole, Mama Shukri, umesahau maboksi yako, moja limeandikwa jina lako.

Ni kweli, ni boksi la sahani zangu za kukodisha. Lakini wa kuchungulia dirishani asubuhi yote ni mtu wa aina gani?

Jumapili, 8 Februari

Nimeghadhibika sijui nianzie wapi.

Firoza amekuja na sahani ya kababu. Nikajua pana jambo. Akakaa, akasifu pazia, akasema ndugu yangu, kigari changu Alhamisi hakina kazi, begi tulipakie humo, mimi mwenyewe nitaendesha. Yaani nikapeleke begi la mwanangu ndani ya gari lenye picha ya biriani ubavuni! Nimemwambia ahsante, gari letu zima. Akasema, zima? Basi tu, neno moja, na macho yale. Nikamwambia kama ataka kusaidia, awabebe akina mama wa vigelegele, wafuate nyuma. Amekubali. Kababu zilikuwa nzuri, hilo siwezi kukana.

Mara simu. Mama Nabiha. Mkwe wangu, begi laja vipi? Nikamwambia kwa gari letu, inshallah, kama nilivyosema. Akasema ameuliza tu kwa sababu wageni wa upande wake watakuwa wamesimama nje. Nje! Wote! Wanangoja nini, kama si kutuona tukianguka?

Nikatoka kupunga hewa Makadara. Kalama, dereva wa tuk-tuk, alikuwa akiwasimulia wenzake habari za tapeli mmoja wa zamani. Alikuwa na gari difu inalia, hapati mnunuzi. Akaijaza difu ndizi mbivu. Kimya! Mnunuzi akalichukua akishukuru, na gari likamfia njiani. Wote wakamlaani tapeli. Mie nikasimama pale nikiwaza jambo moja tu: kimya.

Lakini ndizi? Ndani ya gari la begi? Ndizi ni za tapeli. Nikageuka, na mbele yangu duka la halwa. Fundi anakoroga, halwa nzito, nyekundu, yang'aa mafuta, na mwiko ukisimama hauanguki. Shughuli gani ya heshima isiyo na halwa? Na kipi kilicho kizito, kinachonata na chenye mafuta yake ndani kuliko halwa?

Nimenunua. Ile nzuri, ya lozi.

Jumatatu, 9 Februari

Imefanyika!

Halwa niliipasha moto ikalegea. Nikachukua kile kibomba cha Sidi cha kupambia keki. Baba Shukri akalala chini, akafungua nati ya kujazia oili, akakiona kibomba cha keki kikimjia usoni. Akauliza kama hili ni gari au ni mgeni wa Idi. Nikamwambia akamue. Akasema akiulizwa Siku ya Kiyama atanitaja. Nikamwambia anitaje, lakini kwanza akamue.

Kisha nikaliwasha gari. Nikaondoka taratibu. Nikakanyaga.

Kimya. Wallahi kimya! Nikapita mbele ya Firoza. Nikarudi. Nikapita tena, dirisha wazi, mkono nje. Firoza akainua miwani. Akanusa tu hewa, akauliza nani anapika.

Jumatano, 11 Februari

Daftari, kuna mtetemo.

Si mkubwa. Ni kama mtu ametiwa baridi. Nilipokuwa narudi kuchukua masinia, kiti kilinitikisa mpaka meno yakagongana. Baba Shukri asema wausikia kwenye kiti, si usukani, kwa hivyo watoka nyuma, ndiyo maana ya lile swali la Ngumbao. Ngumbao mwenyewe sijamuuliza. Nimepakia gunia la mchele juu ya ekseli, litulie. Na chini pamejaa sisimizi, mstari mrefu kutoka ukutani hadi gurudumu la kushoto. Nimewafagia.

Shukri alikuja akaniuliza polepole, mama, kesho gari litafika? Mwanangu huyu haombi kitu. Nimemwambia, baba, litafika. Akanibusu mkono. Sasa likikosa kufika nitauficha wapi mkono huo?

Alhamisi, 12 Februari

Sina salamu leo. Nitazisema kesho.

Tulitoka vizuri. Begi juu, limefunikwa kitambaa cha dhahabu, masinia pembeni, Baba Shukri amelishika kama mtoto mchanga. Nyuma kigari cha Firoza kimejaa akina mama, vigelegele juu ya vigelegele. Pikapu ikaanza kunukia. Iliki, mawaridi, harufu ya peponi! Wanawake wakapiga kelele wakisema lo, Mama Shukri amefukiza hadi gari! Nikapunga mkono. Nilikuwa malkia.

Kisha harufu ikageuka. Ikawa ya sukari iliyosahauliwa jikoni. Kisha moshi. Kisha mlio, si ule wa kulia, huu wa kutafuna: kra, kra, kra. Zile lozi! Tulipofika mlima wa kuingilia Tudor, magurudumu ya nyuma yakasimama kabisa, pikapu ikajiburuta, ikanyamaza katikati ya barabara. Chini yake kikatoka kitu cheusi, kinavutika kama kamba. Mbuzi wa watu akaja kulamba. Wanawake wakateremka kutazama. Mmoja akauliza kama gari limetapika.

Mie nilishuka nikasimama. Nilitaka kulia, nikaona aibu ya kulia mbele ya mbuzi.

Firoza hakucheka. Nasema kweli, nilimtazama nimkamate, hakucheka. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa sufuria zake, akawaambia akina mama wakatafute tuk-tuk za akina Kalama, akasema Mama Shukri, lete begi, watu wamesimama nje. Nikakaa humo nimelipakata begi, na picha ya biriani ubavuni.

Tukafika. Mama Nabiha mlangoni, nyuma yake ukoo mzima. Akakitazama kigari. Akanitazama. Akauliza, mkwe, hili ndilo gari lenu?

Nikafungua kinywa. Firoza akanitangulia. Akasema kwa sauti, ndilo, gari la Mama Shukri, mimi leo dereva wake tu, kaninyima hata usukani wa kurudi. Akashuka akanifungulia mlango! Vigelegele vikapasuka. Nabiha alikuwa dirishani juu, nimemwona anacheka kwa furaha.

Sasa niulize, nani alimpa Firoza ruhusa ya kuongopa kwa ajili yangu vizuri hivyo? Nitamlipa vipi mtu kama huyo? Bora angecheka!

Ijumaa, 13 Februari

Salamu zote za jana na leo. Nikahi imefungwa baada ya Alasiri. Shukri alijibu kwa sauti safi, hakutetemeka. Nililia mpaka kanga ikalowa. Alhamdulillahi.

Asubuhi pikapu ilivutwa kwa kamba hadi kwa Ngumbao. Alipofungua difu aliinama karibu. Akatia kidole, akanusa. Akatoa lozi nzima, akaiweka kiganjani, akanitazama. Akawaita mafundi wa gereji ya jirani waje kuona.

Kisha akakiona kipumulio, na ubani. Hapo ndipo alipokaa chini. Akasema ekseli ikifanya kazi yapata moto, hewa ndani yavimba, yataka kutoka. Kitundu kikizibwa, hewa yasukuma oili itoke penye sili, vile vipete vya kuzuia oili, mbele na magurudumuni. Oili ikaisha, meno yakalia. Akasema mama, lile jambo la kwanza lilitaka ubani utolewe, sili mpya na oili. Sasa lataka difu nyingine nzima.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema aliniuliza kama kipumulio kimeguswa. Angeuliza kama kimezibwa ningemjibu! Fundi asiyejua kuuliza, kisha asikitika.

Jumapili, 15 Februari

Salamu, daftari langu. Hujambo? Mie sijambo. Baba Shukri hajambo, goti limepata nafuu tangu gari lisimame. Shukri hajambo, anakula wali. Sidi hajambo, ataka kibomba chake cha keki, nimemwambia asikitafute. Nabiha hajambo, leo kaniita mama, akanipikia chai, tamu mno, nikainywa yote.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya yaliyopita, na nimelijua kosa langu.

Ni lozi. Halwa peke yake haina tatizo. Si ilinyamaza siku mbili? Zilizotafunwa ni lozi. Wenye duka nao hawakunionya.

Na leo asubuhi kigari cha Firoza kimepita chini ya dirisha letu. Kinavuma! Kidogo tu, uuu, lakini sikio langu sasa ni la fundi. Ni kile kilima na mizigo yangu, naijua sababu. Amempigia Ngumbao, kaambiwa angoje hadi katikati ya wiki. Mtu aliyenisitiri mbele ya wakwe, angoje? Mie si mtu wa kusahau wema.

Alipoingia kuswali Adhuhuri nilitelemka. Kile kitundu cha juu nimeshamzibia, mvua zakaribia, na ubani ulikuwa kinywani tayari. Kisha nikamwandikia ujumbe kwa simu ya Nabiha:

Firoza ndugu yangu, salamu kwako na wote nyumbani. Usimngoje Ngumbao. Dawa ninayo, safari hii haina lozi. Nijibu upesi, nimeshaiinjika motoni.