Ukuta wa Bi Ondina

Jumatatu, 3 Machi
Yesenia mjukuu wangu, mwaka wa pili huu hujakanyaga hapa kwetu Tegucigalpa. Ukilikuta daftari hili, uone haya. Mimi sikusoma, herufi nilifundishwa na magunia ya unga, na bado naandika. Wewe mwenye shahada hata salamu huna. Unakula lakini?

Leo kaja binti wa manispaa, msanifu majengo, na mchoro wa kichochoro chetu. Hakuna kuta. Fensi za kufika kiunoni, madirisha yatazame njia, taa. Eti mwizi huogopa macho kuliko matofali. Jirani Nicolasa, muuza tortilla, zile chapati za mahindi, kapiga makofi. Bila shaka! Macho yake yanaishi kwenye sufuria yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetia sahihi kuukubali mchoro mbele ya wote, nikitabasamu. Matofali nimeshaagiza.

Jumapili, 9 Machi
Wote misani. Mimi "goti linauma". Fundi Wilmer kapandisha ukuta kunipita kimo, chupa zilizovunjwa juu. Ushindi!

Nicolasa katoka kanisani, kasimama. Hakutukana.

"Ondina, nikipita hapa na beseni langu la tortilla, nani ataniona?"

Nikamwambia Mungu anaona. Nilijisifu mchana kutwa kwa jibu lile.

Jumatano, 12 Machi
Amani. Hakuna anayechungulia maharage yangu. Miaka thelathini tulikunywa kahawa ya jioni, kiti chake kule, changu huku, tukisengenyana uso kwa uso. Leo nimekunywa nikitazama matofali.

Msanifu kaja. Kaniuliza kona ile ya ukuta inamficha nani. Nimempa tortilla, nikamfukuza.

Ijumaa, 14 Machi
Saa kumi jioni nimesikia beseni likianguka. Nikasema paka. Nikaendelea kukaanga.

Walikuwa wawili, wamejibanza konani pangu. Walitaka simu ya Nicolasa. Kisu. Alilala hatua tatu kutoka jikoni kwangu hadi Wilmer alipopita. Hospitali hakufika hai.

Jumatatu, 17 Machi
Tumemzika. Polisi wameuliza niliona nini. Nimewaambia: ukuta.

Beseni lake nimeliosha. Nimeliosha tena.

Siku tatu sijalala, nikitafuta kosa liko wapi. Nimeliona. Ukuta ni mfupi. Kesho Wilmer anaongeza safu tano, na dirisha la jikoni analiziba.

Yesenia, ukija leta chupa tupu, nyingi. Usipite kichochoroni kimyakimya. Niite kwa nguvu tangu barabarani. Nitakusikia.