Kamba wa Yunus, Shingo Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Yunus kaondoka kwenda Nshamba kumsaidia mama yake kuchuma kahawa. Atarudi Jumamosi. Nimebaki peke yangu na saluni yetu hapa Hamugembe, pamoja na tangi la kioo tulilochangia kulinunua. Samaki ni wangu. Kamba wadogo wekundu ni wake. Aliwapakata kwenye basi kutoka Kampala, ndani ya chupa, bila kusinzia. Naambiwa wateja wanafuata tangi. Uongo! Wanamfuata Yunus. Mimi najulikana kwa kunyoa kipara tu.

Kabla ya kupanda bodaboda akanishika bega. Akasema nisiingize kitu chochote kwenye yale maji. Akikuta kamba wake wamedhurika, anahamisha mashine yake kwa Aroni, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Alisema kwa sauti ya chini, na mimi watu wa sauti ya chini nawaogopa. Akihama, nimekwisha. Halafu ni yeye huyohuyo anayeninyoa kila Jumamosi. Kwa wembe. Mpaka shingoni!

Jumanne, 10 Juni

Mama wee! Maiti!

Nimefungua saluni, nikawasha taa, nikaona kamba amelala chini ya tangi. Miguu yote ipo, masharubu yapo, ila ndani mtupu. Amefyonzwa! Kwa kiwewe nikamkwangua mteja sikio. Nimemviringisha marehemu kwenye pamba, nikamzika mgombani nyuma ya saluni. Sijasali, lakini nilivua kofia.

Mchana Yunus kapiga simu kuuliza hali. Nikasema wote wazima, wanamsalimia. Akakata simu.

Jumatano, 11 Juni

Maiti zaidi! Zote zimefyonzwa vilevile. Humu ndani kuna muuaji.

Nimewachunguza samaki wangu mmoja mmoja. Kamanda, yule mwenye mkia mwekundu, alinitazama kwa dharau huku tumbo limemjaa. Nimemkamata na kumweka kwenye beseni la kuoshea nywele. Mteja akauliza kama ndiyo shampuu mpya.

Mama Klaudia, anayeuza kahawa za kutafuna hapo mlangoni, akaniambia nimpigie Yunus nimwambie ukweli. Nikamwambia ushauri wake ni mzuri. Nikanunua kahawa nitafune, nitulize roho. Loo! Moyo ukaanza kudunda kama unataka kutoka. Sijala chochote siku nzima. Kila nikiona wembe, nashika shingo.

Alhamisi, 12 Juni

Akili imefanya kazi! Alfajiri nimeshuka mwaloni, ufukweni wanakopakua samaki. Nikawaomba akina mama wanaochambua dagaa wanipatie uduvi ulio hai, wale kamba wadogo wa ziwani, nizibe pengo. Wakacheka wakashikana mabega. Mmoja akasema uduvi wao huwa wanawapa kuku, hawajawahi kuona mtu anauombea ndoo. Wakanijazia bure, pamoja na maji yake ya ziwani.

Uduvi umepauka. Wa Yunus ni wekundu. Nilishashika rangi ya kupaka ndevu, nikaogopa, nikairudisha. Ndoo nimeificha chini ya kiti.

Jioni kaja Mwalimu Avit wa sekondari kunyoa kipara. Nikamuuliza, eti kuna jirani yangu mmoja, kamba wake wanakufa wakiwa watupu. Mwalimu akacheka mpaka shuka ikamdondoka. Akasema hao hawajafa. Kamba akikua anavua gamba lake lote, kisha anajificha kwenye majani mpaka jipya likauke.

Nikamwacha na povu kichwani, nikakimbilia tangi. Nikapekua majani. Wamo! Wekundu, wazima, wananichungulia! Nilizika nguo! Nimemnyoa Mwalimu bure, huku nalia.

Kamanda nimemwachia huru na kumwomba radhi.

Hapo ningelala. Lakini ndoo ilikuwa bado chini ya kiti. Nikawaza: kama Yunus atafurahi kukuta kamba wake wazima, atafurahi vipi akikuta wameongezeka? Ataona mimi ni mlezi. Atamsahau Aroni kabisa. Nikamimina.

Ndoo yote, sikuangalia ndani.

Ijumaa, 13 Juni

Tangi liko kimya. Uduvi hakuna. Wekundu hakuna. Hata magamba hakuna!

Nilipomulika kwa tochi, nikamwona nyuma ya jiwe. Furu, samaki wa ziwani. Alikuja ndani ya ndoo, mdogo, wa kijivu, kama hayupo. Leo ana kitambi. Kamanda amejibana pembeni, anatetemeka.

Nimejaribu kumtoa kwa kikombe, kwa chujio, kwa taulo. Kila mara anaponyoka. Yesu na Maria, kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 14 Juni

Yunus amefika na mkungu wa ndizi, zawadi kutoka kwa mama yake. Kwangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Akainama kwenye kioo. Nikawahi kumwambia kwa kujiamini kwamba kamba wakivua magamba hujificha, ni elimu, aulize sekondari. Akaitikia kwa kichwa. Ndipo yule furu akajitokeza, akasogea mbele ya uso wa Yunus kabisa, sharubu jekundu likining'inia mdomoni.

Yunus akainuka. Akanionyesha kiti. Nikakaa. Akanifunga shuka. Akanoa wembe taratibu. Nikasali sala zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Wembe ukapita juu ya sikio, ukapanda utosini, ukafika katikati.

Hapo ukasimama. Akaufuta, akaukunja, akachukua mashine yake na kuvuka barabara.

Jumapili, 15 Juni

Misa nimesikilizia nje, nusu ya kichwa ikiwa imefunikwa. Kujinyoa mwenyewe nimejaribu, nimejikata.

Kwa Aroni foleni imefika barabarani. Aroni kamnunulia Yunus tangi jipya, na kamba wekundu wengine wapo njiani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepata njia ya suluhu! Nitampelekea Yunus samaki wa zawadi kwa tangi lake jipya. Nimeshuka tena mwaloni, nimechagua samaki mwenyewe, safari hii kwa makini. Muuzaji ameniapia kwamba huyu ni mpole mno, hali kitu. Nikamuuliza mbona ana meno. Akasema ni ya urembo tu.

Nimeridhika. Nasubiri Yunus atoke kwenda kuswali, nikammimine.