Wa Kwanza Kumwona Bibi Gitaa

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Imefika ofisini kwetu! Filamu ya maisha ya Bibi Gitaa, ile inayotukosesha usingizi mtaa mzima, leo asubuhi imewekwa juu ya meza yangu. Meza yangu mimi! Kasha dogo jeusi. Nimelipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Tarishi aliyelileta akaniuliza kama naumwa.

Nieleze vizuri, maana hata shajara ina haki ya kuelewa. Mimi ni karani wa mapokezi katika ofisi inayotoa vibali vya filamu. Filamu haionyeshwi ukumbini mpaka kamati yetu iitazame na kuikubali. Hii itaonyeshwa Jumamosi. Kamati inakaa kesho. Yaani watu wanne wasiojua hata wimbo mmoja wa Bibi Gitaa mwanzo hadi mwisho wataiona kabla ya mashabiki wote! Haki iko wapi?

Na humo ndani, inasemekana, atafichua wimbo wa "Dirisha la Jikoni" alimtungia nani. Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha mashabiki, anashikilia kuwa ni mchumba aliyesafiri asirudi. Shangazi, ninayeishi kwake, anasema ni mama yake mzazi. Wamegombana mpaka shangazi akanikataza kunyolewa pale. Nanyolewa kwa siri.

Jioni, mkasi ukiwa juu ya sikio langu, Kinyozi akatamba kuwa yeye ndiye atakayejua wa kwanza, ana mtu wake huko juu. Kisha akaniuliza: "Na wewe, karani, si unakaa mlangoni kama ndala?" Benchi zima likacheka. Sawa. Nimeamua. Nitaiona kabla yake! Moyo unanienda mbio hadi herufi zinacheza.

Jumanne, 4 Machi

Mpango. Chumba cha kutazamia huingia wajumbe wanne na karani mmoja wa kuandika maoni yao. Karani huyo ni Mzee wa Kalamu, mkubwa wangu kikazi na kiumri, mtu mwema sana. Magoti yake hayapatani na baridi. Nikamwamkia kwa heshima zote, kisha nikamwambia kwa masikitiko kwamba kiyoyozi cha chumba kile kimeharibika, kinatoa baridi ya kugandisha nyama, na hakizimiki. Uongo mtupu. Nilitarajia aseme: mwanangu, nenda wewe badala yangu.

Hakusema. Alinishukuru kwa upendo wangu, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mkuu, ambaye ndiye bosi wetu, kumwonya kuwa wajumbe wote watapata kichomi. Bi Mkuu akaahirisha kikao mpaka fundi aje. Aje lini? Haijulikani!

Nikamkumbusha, kwa sauti ndogo, kuwa onyesho ni Jumamosi. Akajibu kuwa filamu isiyo na kibali haina Jumamosi wala Jumapili.

Nimefanya nini? Chama kizima kina tiketi. Shangazi ameshashona gauni! Nimekwenda kujifungia chooni kutafakari. Sikupata wazo. Mtu aligonga mlango.

Jumatano, 5 Machi

Fundi amekuja. Kiyoyozi kizima, kama nilivyojua. Lakini fundi aliyeitwa kwa haraka hawezi kuondoka bila kufungua kitu. Akafungua. Akatoa vipande, akavipanga sakafuni, akavitazama kama mtu aliyeviokota njiani. Alipovirudisha, vingine vikabaki. Sasa kiyoyozi kimekufa kweli. Kwa hiyo siwezi kuitwa mwongo tena. Nilisema mapema tu.

Habari zimefika mtaani. Kinyozi kaitisha mkutano wa dharura pale kwake. Kasema ndani ya ofisi ile yumo adui wa muziki, mtu mwenye roho ya kutu, anayezuia filamu kwa makusudi. Watu wakaguna. Shangazi, ambaye kwa ajili ya dharura hii amekubali kukanyaga pale, akasema yeye haombi mengi, aachiwe tu mtu huyo chumbani, mlango ufungwe. Nikaguna kuliko wote.

Wakakubaliana kuandamana Ijumaa hadi mlangoni kwetu. Kinyozi akauliza nani ana mwandiko mzuri wa kuandika bango. Nyuso zote zikanigeukia. Ndiyo faida ya kusoma! Nikaandika: ADUI WA MUZIKI, JITOKEZE! Herufi zimetoka safi mno. Alama ya mshangao tu ndiyo imepinda.

Alhamisi, 6 Machi

Siku gani hii! Asubuhi nimechomoa feni chumbani kwa shangazi, nikaibeba mpaka ofisini, nikamwambia Bi Mkuu kikao kinaweza kufanyika. Kanisifu! Mzee wa Kalamu akachungulia chumbani, akarudi nyuma. Baridi ilimtisha, lakini joto lile, alisema, litampandisha presha. Bi Mkuu akatazama huku na huku. Kidole chake kikatua kwangu. Nilitaka kumkumbatia. Nikainamisha kichwa tu.

Nikaingia. Skrini kubwa, nyeupe, nzuri. Wajumbe ni Mwalimu Mstaafu, Afande Mstaafu, Daktari wa Meno, na Bi Mkuu mwenyewe. Nikavuta kiti changu, nikakiweka mahali pazuri kabisa. Bi Mkuu akaniuliza nafanya nini. Karani, akasema, hukaa mbele ya wajumbe, uso kwao, mgongo kwa picha. Kazi yake ni kuwaandika wao, si kutazama sinema. Ndivyo ilivyo tangu ofisi ifunguliwe.

Mgongo kwa picha!

Taa zikazimwa, kikabaki kitaa changu cha kuandikia. Nyuma yangu, karibu kiasi cha kumgusa, Bibi Gitaa akakohoa kidogo, akaanza kuimba. Nywele zikanisimama. Na mimi namtazama Daktari wa Meno!

Kisha nikaigundua miwani ya Afande. Ndani ya kila kioo alikuwamo Bibi Gitaa, mdogo kama punje ya mchele. Nikasogea. Nikasogea tena. Afande akataka kujua kama uso wake una kasoro. Nikasema la, afande, uso ni mzuri. Ikawa mbaya zaidi.

Swali lile likaulizwa. Wimbo ulimtungia nani? Hakujibu kwa maneno! Kwenye miwani nikaona kitu cheupe kinasogea kando, kisha mraba, na ndani ya mraba mwanga. Wajumbe wote kwa pamoja: "Kumbe!" Daktari wa Meno akatoa leso. Kumbe nini? Kumbe nani?

Mwishoni Bi Mkuu akaomba nilichoandika. Nilikuwa nimeandika maneno ya nyimbo zote, na pembeni, mara nyingi, "Jamani!" Oni la mjumbe hata moja hamna. Na bila maoni hakuna kibali. Kesho wataitazama upya na Mzee wa Kalamu ataandika, kuwe na joto, kusiwe na joto.

Jioni nilipita kwa Kinyozi. Sikukusudia kusema kitu. Lakini alianza tena habari za ndala, nikajikuta nimesimama na shuka la kunyolea shingoni: nimeiona! Mkasi ukamtoka mkononi. Jamani, utamu ule! Fundi viatu, mwenzetu wa chama, akanipisha kiti chake wakati mimi nina changu. Kisha Kinyozi akauliza, kwa adabu kabisa: basi, kaka, alimtungia nani?

Mraba. Mwanga ndani. Jikoni. Nikafikiri haraka, na nikifikiri haraka huwa naharibu.

Nikasema: friji.

Shangazi habari zilimfikia kabla yangu. Hajala. Ameuliza kama miaka yote hii amekuwa akililia friji.

Ijumaa, 7 Machi

Maandamano! Wamefika na ngoma, na bango langu mbele kabisa. Bi Mkuu akanituma nje kuwatuliza. Kinyozi akanivuta kando, akaninong'oneza: mdogo wangu, wewe uko ndani, tupe jina, adui ni nani? Nikasema ni mtu mzito, siwezi kumtaja. Akanishika bega kwa huruma, akaniambia nijihadhari naye.

Bi Mkuu akachungulia dirishani. Akalisoma bango. Akanitazama mimi. Akalisoma tena. Niliporudi ndani akasema tu kwamba laiti kazi yangu ya jana ingeandikwa kwa moyo kama ule. Nikakohoa mpaka nikapata kikohozi cha kweli.

Huko chumbani kamati inaitazama mara ya pili. Mwalimu Mstaafu kaomba sehemu ya katikati irudishwe nyuma, eti hakuisikia vizuri. Daktari wa Meno kamleta mke wake, eti ni msaidizi. Mara ya pili! Na mimi juani, natuliza.

Alasiri kibali kikatoka! Nilikigonga mhuri kwa mkono wangu mwenyewe, nikatoka nacho nimekiinua juu, na watu wakalipuka. Wakaninyanyua mabegani! Shangazi alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, friji imesamehewa kwa muda. Nikiwa huko juu, Kinyozi akatangaza kwamba, kwa kuwa karani wetu ameshaiona filamu, tiketi yake apewe mama mkwe wa fundi viatu, ambaye amekosa. Muungwana hatazami mara mbili wakati mwenzake hajatazama hata mara moja. Watu wakapiga makofi.

Nilikuwa bado juu. Nikapiga makofi.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilikwenda kusema ukweli. Nilifika kabisa. Kinyozi akaniona, akawaambia wateja: simameni, huyu ndiye mtazamaji wa kwanza. Wakasimama, mmoja nusu ya ndevu ikiwa na povu. Nikawaambia wakae, nikaondoka.

Kwa hiyo saa ya onyesho nilikuwa nje ya ukumbi, sikio kwenye mlango, pamoja na bawabu. Wote wameingia. Mama mkwe alinipungia mkono. Ndani nikasikia wakicheka, wakiimba, wakinyamaza. Kila kimya kilinikata maini. Kisha ukumbi mzima, kama mtu mmoja: "Kumbe!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Shangazi. Gauni jipya, wanja umeteremka mpaka kidevuni. Akanikamata sikio: "Friji gani, wewe? Friji gani?" Kisha akanitazama usoni. Amenilea huyu. Akashusha sauti, akauliza: hukuiona, au siyo? Nikatikisa kichwa. Machozi yakanitoka mbele ya bawabu.

Nilijiandaa kwa kofi. Akanitia kipande cha tiketi yake kiganjani, akanisukuma. "Ingia, baba. Mie nimeshalia vya kutosha. Nitakaa hapa nimhadithie huyu."

Nikaingia. Nikakaa. Nikatazama mbele. Mbele! Bibi Gitaa alikuwa mkubwa kuliko nyumba yetu. Niliona vidole vyake, mikunjo ya shingo, doa la chai mezani. Ameketi jikoni kwake, pazia jeupe limesogezwa kando, na ng'ambo ya uchochoro kuna dirisha lenye mwanga. Ndani yake yumo mzee. Fundi viatu akaninong'oneza: ni jirani. Huyo ndiye aliyekuwa akimbamizia dirisha kwa hasira alipokuwa binti anajifunza gitaa. Kila siku, pa! Mpaka siku moja akaliacha wazi.

Hakuna mchumba. Hakuna mama. Hakuna friji, jamani. Bibi Gitaa akaanza "Dirisha la Jikoni", polepole, na yule mzee akavuta kiti chake akasogea. Nililia kwa sauti. Hakuna aliyenigeukia. Kinyozi mwenyewe alikuwa amelala begani kwa mama mkwe wa fundi viatu, anatingishika.

Taa zilipowaka akaniona. Akafungua mikono, akapaza sauti: "Bwana Friji!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikacheka nao. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote.

Jumapili, 9 Machi

Nimejifunza. Naandika hapa kwa akili timamu: hila basi. Nimemweleza shangazi kila kitu wakati wa chai, hata kiyoyozi, hata bango. Alicheka mpaka akamwaga chai, akasema sasa nimekuwa mtu mzima. Akadai feni yake.

Lakini niliona mwisho tu. Kesho jioni kuna onyesho jingine, tiketi ziko tele, kazi ni kupanga foleni kama watu wengine. Nikaenda kupanga foleni kama watu wengine. Ilikuwa fupi. Ila mbele yangu alisimama Kinyozi, anarudia, na aliponiona akauliza foleni nzima kama kuna mtu anasikia baridi.

Nikaona nisisimame. Nikaingia kwa meneja wa ukumbi. Nikamwambia natoka ofisi ya vibali, natakiwa kuhakikisha kuwa filamu inayoonyeshwa ndiyo ileile tuliyoikubali, tangu mwanzo hadi mwisho, kutoka kiti cha katikati. Si uongo. Ofisini natoka kweli. Meneja akaruka kusimama, akaniita mheshimiwa, akanipa kiti bora! Nitaiona yote! Uso kwa uso!

Kuna dosari ndogo. Kasema kesho asubuhi atampigia simu Bi Mkuu kumshukuru kwa umakini huu. Nikamsihi asijisumbue. Akasema si usumbufu hata chembe.

Nimewaza mchana kutwa. Simu ya Bi Mkuu ni ya zamani. Waya wake umelegea kidogo pale ukutani. Kesho nitawahi kazini, kabla ya mfagizi.