Nusu ya Kwanza, A Mpaka L

Jumatatu, 3 Machi

Bosi amefoka. Mwanangu Kidoti amemwaga kopo la vifungo mbele ya mteja, kisha akaingia chini ya meza ya kupigia pasi kuvipanga. Na pasi ina moto! Bosi anasema mwezi ukiisha hataki kuona mtoto kwenye karakana yake ya ushonaji. Mtoto au kazi, nichague. Nikamjibu kwa heshima kwamba mipango yote iko tayari. Sina hata mmoja.

Mteja yule, dada mpole, aliniokotea vifungo na kuninong'oneza. Chekechea ya nyuma ya zimamoto imebakiza nafasi moja. Mahojiano Jumatatu ijayo. Anahojiwa mzazi, si mtoto. Tena kwa Kiingereza, cha maneno marefu!

Kiingereza changu ni cha lebo za nguo. Osha kwa maji baridi. Usikamue. Kwa hicho sifiki popote.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Muuza vitabu vikuukuu wa pale kona ana kitabu cha mizizi ya maneno. Anasema Kiingereza kirefu chote kimeota kutoka Kigiriki na Kilatini. Ukishika mzizi mmoja, unavuna maneno kumi. Geo ni ardhi. Graph ni kuandika. Kumbe jiografia ni kuiandika ardhi! Nimekalishwa darasani na jiografia miaka yote ile, na hakuna aliyenidokeza.

Ila kitabu ni kinene, na mzee ana utaratibu wake. Kitabu kinene hukikata katikati kwa kisu cha mkate, auze kila nusu peke yake. Anasema bora wateja wawili leo kuliko tajiri mmoja kesho. Nimechukua nusu ya kwanza, A mpaka L. Ile nyingine nitairudia. Nani mtaani hapa atataka mizizi ya kuanzia M?

Jumatano, 5 Machi

Wifi!

Huyu ni dada wa mume wangu, anasuka nywele barazani kwake, mlango wa pili kutoka kwetu. Leo nimemkuta anasuka mteja huku nusu ya kitabu imelala wazi juu ya paja lake. M mpaka Z. Mwanawe Jemadari ana miaka minne, sawa na Kidoti. Na yule dada mpole, kumbe husukwa hapo hapo. Mdomo wake ndio hauna kifungo.

Wifi akaniuliza siku hizi nasoma nini. Nikasema mimi tena, nisome! Nikamuuliza yeye. Akasema hicho ni cha kuwekea kitana. Tukachekeana mpaka mashavu yakauma.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua kitu. Nusu yangu imejaa magonjwa! Cardi moyo, derm ngozi, gastr tumbo. Mama mkwe alipoanza kulalamikia goti, nikachukua arthr, kiungo, nikaibandika itis, uvimbe, nikamtangazia kwamba ana arthritis. Nilitegemea pongezi.

Akasema, "Goti hili limeniuma tangu baba yenu yuko hai, mwanangu, na lilikuwa na adabu zake. Umelipa jina, sasa litajidai."

Dakika haikupita, wifi akaingia na kitambaa cha moto. Therm ni joto, eti, na therapy ni tiba. Zote ziko kwenye T. Akalikanda goti, mama mkwe akafumba macho kwa raha. Kwa hiyo mimi nimeleta ugonjwa, mwenzangu kaleta dawa. Mama mkwe amelala kwa wifi leo.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya. Nikasukwe kwa wifi, nichungulie nusu yake bila jasho.

Nilisahau jambo moja. Anayesukwa hukaa chini, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi, macho yanatazama barabara. Nimeziona baiskeli zote za mtaa. Kitabu sikukiona, kwa sababu kilikuwa juu ya utosi wangu! Kila akipumzisha vidole, wifi alikiegemeza hapo akasoma kimyakimya. Nikimuuliza kuna nini hapo juu, ananiambia tulia wifi yangu, nywele zako hazina subira.

Amenisuka kwa kukaza mpaka nyusi zimepanda. Bosi ameniuliza nimeshangaa nini.

Jumapili, 9 Machi

Nimejipanga. Kesho mazungumzo yasivuke L. Mwalimu akisogea kwenye M, namrudisha kwa upole kwenye B.

Mume wangu anasema si ningeenda tu kwa dada yake, hatua chache, tukasoma pamoja. Wanaume! Nafasi ni moja.

Wakati namwogesha Kidoti, akaniuliza kama shule kuna vifungo. Nikasema labda. Akaniuliza kama nitalia akienda. Nikasema nani, mimi? Nikakimbilia jikoni kumenya vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi alinitangulia kwenye benchi la nje. Amevaa miwani ya marehemu baba mkwe! Alinisalimia akitazama mlingoti wa bendera. Watoto tukawaacha uani. Nikaitwa mimi kwanza.

Mwalimu mkuu ni mama wa makamo, sketi ina vumbi la chaki. Akaanza kwa Kiswahili. Nikajua ni mtego. Akauliza mtoto anapenda nini. Nikasema geo, maana huchimba chimba. Nikaongeza kwamba derm yake haina upele na gastr haijawahi kumsumbua. Akaiweka kalamu chini. Nikaona nimemshinda.

Kisha akauliza mtoto anaogopa nini.

Mbwa! Na mbwa ninaye, yuko kwenye C. Nikasema, "Cyno..." Nikakwama. Neno la kuogopa sikuwahi kuliona kwenye nusu yangu. Nikarudia, "Cyno..." Jasho likanishuka hadi kiunoni. Nikaiona kazi inaondoka, nikaiona karakana bila mimi.

Nje ya mlango ikapazwa sauti: "Phobia!"

Hakuweza kujizuia. Kujua jambo na kulinyamazia, hilo halimo katika ukoo wao.

Mwalimu akafungua mlango. Wifi akaingia sikio mbele.

"Kwa hiyo," mwalimu akasema, "mtoto anaogopa mbwa."

Nikasema ndiyo.

"Hapa hatuna mbwa, mama. Na nani aliwaambia mahojiano ni ya Kiingereza?"

Akataka kujua tumeyatoa wapi maneno haya. Tukafungua mikoba, kila mtu na nusu yake. Akazikutanisha mezani, zikakaa sawasawa, kovu la kisu juu ya kovu la kisu. Akauliza kama tunakaa mbali mbali. Wifi akasema mlango wa pili. Akauliza, sasa mbona hamkukopeshana? Nikatazama dari. Wifi alikuwa ameshafika huko.

Dirishani, Kidoti alikuwa anamfunga Jemadari vifungo vya shati, kimoja kimoja, akimkaripia kama bosi wangu.

Mwalimu akawatazama watoto. Akasema nafasi moja hawezi kuigeuza mbili, ila anaweza kuikata. Mmoja asubuhi, mmoja mchana. Saa zinazobaki tupange wenyewe, tena kwa amani. Akisikia ugomvi, anampa mtu mwingine.

Jumanne, 11 Machi

Kikao kwa mama mkwe. Ameamua yeye, sisi tumeitikia. Asubuhi Kidoti yuko shule, Jemadari anakaa kwa bibi. Mchana Jemadari anakwenda shule, Kidoti anakaa kwa wifi. Mimi nitawashonea watoto wote wawili sare. Wifi atakanda goti. Bosi amekubali, mradi kopo lake la vifungo lisiguswe. Kazi ninayo!

Alhamisi, 13 Machi

Kidoti ameanza shule. Hakulia. Mimi vitunguu tena, njia nzima.

Jioni nimempitia kwa wifi, nikamkuta amesukwa vizuri na wala hakuvutwa nyusi. Nikaona aibu. Wifi ni mtu mwema kabisa, na ndugu ni ndugu. Nikamwambia kuanzia leo ni kitabu kimoja, sufuria moja, siri hakuna. Tukakumbatiana. Miwani ya baba mkwe ikaanguka.

Nilipotoka kununua sabuni, nikakutana na yule dada mpole. Ananiambia shule ya msingi ya hapa karibu, watoto wakifika umri, wazazi wanahojiwa kwa Kifaransa. Na muuza vitabu amepata kitabu cha Kifaransa, kinene. Nikaenda mpaka kona, nikamkuta mzee ameshika kisu cha mkate, ananisubiri.

Nikamwambia kata.

Safari hii nimechukua nusu ya pili. Iko chini ya godoro. Wifi na achukue ya kwanza. Atakuwa bado anahangaika na salamu, mimi nimeshafika kwenye kwaheri.